Mpira wa Pua Si Tangazo la Msiba

Katika kaunti za Kenya zinazopakana na Ziwa Victoria, kuanzia Busia na Siaya hadi Kisumu, Homa Bay na Migori, imeenea imani kwamba mtoto aliyewekewa mpira wa pua, yaani mrija mwembamba unaopitishwa puani ukateremka kooni hadi tumboni ili kufikisha maziwa na dawa, ameshakatiwa tamaa, na kwamba akijaliwa kurudi nyumbani basi mpira huo sharti ubaki wodini, naye alishwe kwa kijiko kama watoto wengine. Imani hiyo haina msingi katika elimu ya tiba, na wanaoumizwa nayo ni watoto wasioweza kumeza wala kusema kwamba hawawezi.

Chanzo chake kinaeleweka. Mzazi wa Nyalenda au Ahero huuona mpira huo kwa mara ya kwanza kwenye pua ya mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria kali, ukiwa pamoja na oksijeni na dripu. Mtoto anayepata nafuu hutolewa mpira kabla majirani hawajaja kumjulia hali, ilhali anayefariki hufariki akiwa nao, kwa hiyo kumbukumbu ya jamii huhifadhi upande mmoja tu wa hesabu. Ni nadra kukumbukwa kwamba mrija wa aina hiyohiyo ndio unaowafikishia watoto njiti maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 34 ya ujauzito kwa kawaida hajaweza kupatanisha kunyonya, kumeza na kupumua.

Wanaohitaji kuendelea na mpira nyumbani aghalabu ni watoto ambao ubongo wao uliumia kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa umanjano wa kichanga uliochelewa kutibiwa, au kwa malaria iliyofika ubongoni, wakabaki na mtindio wa ubongo, hali inayoufanya ubongo ushindwe kuiongoza misuli sawasawa. Si kila mtoto wa namna hiyo anayehitaji mpira, na uamuzi huo ni wa daktari pamoja na wazazi. Lakini wapo ambao njia yao ya hewa haifungiki kwa wakati chakula kinapopita, hivyo uji huingia mapafuni, na huko ndiko kupaliwa. Mtoto mzima wa afya akipaliwa hukohoa mpaka chakula kikatoka, ila huyu huenda asikohoe kabisa, anayemlisha akadhani amemeza vizuri, kisha nimonia ikafuata, ikatibiwa, ikarudi. Pale anapofumba kinywa, hutumika desturi ya kumlisha kwa nguvu, kichwa kikiwa kimelazwa nyuma na pua imebanwa ili avute pumzi kwa kinywa na kumeza bila kupenda. Hufanywa kwa mapenzi, na mlezi hutumia saa nzima kwa kikombe kimoja cha uji. Hata hivyo hakuna namna ya kulisha inayouelekeza uji mapafuni kwa uhakika zaidi ya hiyo, na inapaswa kukomeshwa katika kila nyumba.

Wapo wahudumu wa afya wanaoitetea imani hii kwa hoja nzito zaidi, kwamba mpira ukihama mahali pake maziwa yataingia mapafuni, na kwamba mama hana uwezo wa kulitambua hilo. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli kabisa, na mzazi asifichwe kwamba kosa hilo huua. Sehemu ya pili haikubaliki. Kabla ya kila mlo, mlezi hutazama kama alama iliyowekwa kwenye mpira ingali usawa wa tundu la pua, kisha huvuta kwa sirinji matone machache ya majimaji ya tumbo na kuyadondosha kwenye karatasi ya kupimia pH, yaani kiwango cha uasidi; ikisoma 5.5 au chini yake, mpira umo tumboni. Majimaji yasipotoka, mtoto hulazwa kwa ubavu wa kushoto, akasubiriwa kidogo na kupimwa tena, na yasipopatikana kabisa halishwi mpaka mpira ukaguliwe na mhudumu. Kazi hii hudai uangalifu wala haidai cheti. Njia inayopaswa kutiliwa shaka ni ile ambayo wenye cheti wengi wangali wakiitegemea, ya kupuliza hewa mpirani na kusikiliza tumbo kwa stetoskopu, kwani mlio wa hewa iliyoingia mapafuni unaweza kusikika kana kwamba unatoka tumboni, na Uingereza iliagiza iachwe tangu mwaka 2005.

Jikoni nako kuna la kujifunza. Uji wa wimbi uliochanganywa na unga wa omena ni chakula bora kwa mtoto anayemeza, lakini huziba mpira ambao kipenyo chake hakifiki milimita 3. Kinachopita ni maziwa laini aliyoelekezwa mtoto huyo kwa kadiri ya uzito wake, yakiteremka yenyewe kutoka kwenye sirinji iliyotolewa kisukumio, mtoto akiwa ameinuliwa kifua na kichwa na kubaki hivyo kwa nusu saa baada ya kula, kisha mpira ukasuuzwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

Mtoto atakayehitaji msaada huu kwa miezi mingi anastahili kufikiriwa upasuaji wa kuwekewa mrija tumboni moja kwa moja. Mpaka hapo, mama asiruhusiwe kutoka wodini kabla hajamlisha mwanawe mwenyewe, mara kadhaa, mbele ya muuguzi, wala asiondoke bila karatasi za kupimia na sirinji za akiba. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali ya Kenya ilizindua zaidi ya 100,000 kati yao Septemba 2023, tayari huzitembelea nyumba za watoto hawa na wanaweza kufundishwa dalili za hatari. Na kwa kuwa mtoto huweza kuuchomoa mpira usiku, zahanati iliyo karibu naye iwe na mpira wa kipimo chake na mtu anayejua kuurudisha, ili mama wa kisiwa cha Mfangano asilazimike kungoja boti ya kwenda Mbita huku mwanawe akiwa na njaa.