Riba Hazikupanda, Zilipandishwa

Msomaji aliyefuatilia kurasa za matangazo ya minada magazetini katika miaka ya 1990 atakumbuka jinsi mitaa ya Mashariki mwa Nairobi ilivyotajwa humo. Buruburu, Umoja, Donholm, Komarock: nambari ya kiwanja, idadi ya vyumba, siku na saa ya mnada, kisha neno moja, "itauzwa." Kazi yangu ni kufundisha sarufi, na neno hilo hunikera. Nyumba itauzwa kwa sababu ya kosa la nani? Kauli ya kutendwa huturuhusu kumwacha mtenda nje ya sentensi, na katika mkasa wa mikopo ya nyumba ruhusa hiyo imetumiwa kupita kiasi.

Hata leo ukiuliza ni nani wa kulaumiwa, utajibiwa kwamba riba zilipanda. Hebu tukitazame kitenzi hicho. Mbuzi hupanda kichuguu, mkwezi hupanda mnazi. Riba haina miguu. Kiswahili kina kauli ya kutendesha kwa ajili ya mambo kama haya, nayo ni "pandisha." Anayekubali kwamba riba zilipandishwa hana budi kujibu swali linalofuata: zilipandishwa na nani?

Yafaa kwanza tuelewe waliokopa walikuwa watu gani. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano tangu mwanzo wa miaka ya 1970 hadi ile ya 1980, kwa ajili ya mtu wa mshahara wa wastani: mwalimu, karani, muuguzi, mfanyakazi wa reli. Kampuni ya Housing Finance, iliyoanzishwa mwaka 1965 na Serikali ikishirikiana na shirika la maendeleo la Uingereza, CDC, ndiyo iliyowafungulia wengi wao mlango wa kumiliki nyumba. Mkopaji alionyesha karatasi ya mshahara, akatoa malipo ya awali, akahesabiwa uwezo wake. Hapa mkasa wetu unatofautiana kabisa na ule wa Marekani wa mwaka 2007 na 2008, ambako wengi walipewa mikopo huku mkopeshaji akijua, au akikataa kujua, kwamba hawana uwezo wa kulipa. Mwalimu wa Buruburu aliweza kulipa. Deni lenyewe ndilo lililobadilishwa akiwa amekwisha kutia sahihi.

Mnamo Julai 1991 Serikali iliondoa udhibiti wa viwango vya riba. Sera hiyo yaweza kutetewa, lakini iliwekwa mikononi mwa watawala ambao mwaka uliofuata walikabiliwa na uchaguzi wa vyama vingi. Fedha zilimwagwa nchini kugharimia kampeni. Wakati huohuo Hazina ilikuwa ikiilipa kampuni ya Goldenberg fidia kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje, mambo ambayo Tume ya Jaji Samuel Bosire, iliyoundwa mwaka 2003, ilikuja kuyachunguza mbele ya umma. Bei za bidhaa zikaruka na shilingi ikaporomoka. Ili kuzinyonya fedha hizo kutoka sokoni, Serikali iliuza hati za Hazina kwa riba ambayo katikati ya mwaka 1993 ilipita asilimia 70. Riba za mikopo ya kawaida zilivuka asilimia 30.

Tuchukue mfano wa darasani. Mtu amekopa Sh300,000 kwa miaka 15 kwa riba ya asilimia 18. Kila mwezi atalipa takriban Sh4,830. Sasa riba ipandishwe hadi asilimia 30. Riba ya mwezi wa kwanza pekee itakuwa Sh7,500. Akiendelea kulipa Sh4,830 zake bila kukosa hata mwezi mmoja, mwisho wa mwaka atakuwa amelipa karibu Sh58,000, na deni lake litakuwa limefika karibu Sh337,000. Analipa na deni linanenepa! Walimu wa hisabati wawape wanafunzi wao zoezi hili, kisha wawaulize mshahara wa mwalimu nao uliongezeka vipi katika miaka hiyo. Walimu walilazimika kugoma Oktoba 1997 ili wasikizwe, na nyongeza waliyoahidiwa kwa awamu ikasimamishwa baada ya awamu ya kwanza.

Kwa hiyo mtenda wa kwanza ni Serikali ya wakati huo. Wakopeshaji hujitetea kwamba nao walibanwa: nani angeweka amana yake kwao kwa riba ndogo ilhali Hazina inatoa asilimia 70? Utetezi huo una uzito kwa mwaka 1993. Hauna uzito kwa miaka iliyofuata. Kufikia 1995 riba za hati za Hazina zilikuwa zimeshushwa mno, lakini za mikopo zilisalia karibu na asilimia 30 hadi 1998. Tena mikataba, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kwa kawaida ilimpa mkopeshaji haki ya kubadili kiwango cha riba kwa hiari yake, bila kikomo. Makubaliano ambayo upande mmoja waweza kuyageuza peke yake ni makubaliano ya namna gani?

Sikatai kwamba wapo wakopaji waliokuwa na uwezo na wakakataa kulipa, au waliotumia pesa za kodi ya vyumba walivyoongeza uani kwa mambo mengine. Fungu lao la lawama ni lao. Lakini kuwatanguliza hao ni kuanza hadithi mwishoni.

Kwamba mambo haya yalitendwa na watu yathibitishwa na jinsi yalivyoweza kuzuiwa na watu. Mbunge wa Gem, Joe Donde, alileta mswada wa kudhibiti riba mwaka 2000, na mabenki yakakimbilia mahakamani. Tangu Mei 2007 Sheria ya Benki inakataza riba ya mkopo uliokwama kuzidi kiasi cha deni la msingi lililosalia ulipokwama. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka idhini ya mume au mke kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Zote zilikuja baada ya nyundo ya dalali kugongwa mara nyingi.

Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha kiwango chake hadi asilimia 13. Hapo angalau mtenda alijitaja kwa jina na kueleza sababu zake, tukaweza kumhoji. Mkopeshaji atimize wajibu huohuo. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mkataba utakaomfunga mwalimu kwa miaka 15 na uwepo pia kwa Kiswahili, ukitaja kikomo ambacho riba haitakivuka. Na barua ya kumwarifu mkopaji isiseme viwango vimepanda. Iseme: sisi tumepandisha riba yako, kutoka kiasi hiki hadi kiasi hiki, kwa sababu hii.