Wafuasi Wengi, Wasomaji Wachache

Idadi ya wafuasi kwenye Instagram, TikTok au X huhesabu jambo moja tu: akaunti ngapi zimebonyeza kitufe cha kufuata na hazijaacha kufuata. Haihesabu waliosoma, walioelewa wala waliorudi kesho yake. Aliyebonyeza mwaka 2016 akasahau neno lake la siri bado yumo. Hata hivyo namba hiyo ndiyo inayotazamwa kwanza na mwenye tangazo, mwandaaji wa tamasha, hata mhariri anayetafuta mchambuzi wa kumhoji. Hilo ni kosa, tena ghali.

Kinachothaminiwa hakikosi muuzaji. Januari 2018 gazeti la The New York Times lilifichua biashara ya Devumi, kampuni ya Marekani iliyokuwa na akaunti bandia zipatazo milioni 3.5. Akaunti hizohizo ziliuzwa kwa mteja huyu na yule, hadi wateja kwa jumla wakapata wafuasi zaidi ya milioni 200. Wanunuzi walikuwemo waigizaji, wanamichezo, wanasiasa na, kwa aibu kubwa, waandishi wa habari. Baadhi ya akaunti zilibeba majina na picha za watu halisi wasiojua lolote. Julai mwaka huo Twitter, ambayo sasa ni X, ilipoacha kuhesabu akaunti ilizozifunga kwa kuzitilia shaka, Katy Perry na Justin Bieber walipungukiwa na wafuasi wapatao milioni 3 kila mmoja. Hilo halimaanishi kwamba walinunua. Akaunti bandia hujibandika kwa watu mashuhuri ili zionekane za kawaida.

Afrika Mashariki nayo ina soko lake. Mwaka 2021 watafiti wa Mozilla walionyesha jinsi vijana wa Kenya walivyolipwa dola 10 hadi 15 kwa kila kampeni ili wasukume hashitegi fulani hadi ipande kwenye orodha ya mada zinazovuma, baadhi ya kampeni hizo zikiwashambulia majaji na wanaharakati. Msomaji aliyeiona mada hiyo ikivuma alidhani ni sauti ya umma.

Hata wafuasi wa kweli si lazima wawe wateja. Mwaka 2019 msichana mmoja wa Marekani mwenye wafuasi zaidi ya milioni 2 alishindwa kuuza fulana 36 tu, kiwango cha chini alichohitaji ili zitengenezwe. Wafuasi walionunuliwa wana hasara zaidi, kwa kuwa mitandao hupanga nani aone nini kwa kutazama watu wanavyoitikia. Akaunti zisizo na mtu nyuma yake hazisomi wala haziulizi, na posti nzuri inaweza kuzikwa na umati ulionunuliwa kuipamba.

Ubora huonekana kwenye maoni. Chini ya picha ya muuza vitenge mwenye wafuasi wachache huandikwa: "Mzigo mpya umefika?", "Kile cha wiki iliyopita kilichuja, hiki vipi?", "Mkoani mnatuma kwa basi gani?" Huyo wa pili analalamika, lakini amerudi, na muuzaji akimjibu hadharani wengine kumi wanajifunza. Kwenye kurasa za kiki hujaa vijimoto na vikopa, vyote vikifanana. Anayejibu "bei inboksi" kwa kila swali naye huitupa nafasi hiyo bure.

Mwaka 2008 mwandishi Kevin Kelly alitoa hesabu iliyojulikana sana: msanii mwenye mashabiki wa kweli 1,000, kila mmoja akimlipa dola 100 kwa mwaka, anaingiza dola 100,000. Kwa mwalimu wa hisabati wa Morogoro au mshairi wa Lamu dola hizo zitapungua sana, lakini kanuni inasimama, kwani wanafunzi 200 wanaolipia masomo kila mwezi wanamlisha, na watazamaji 50,000 wa klipu moja ya kuchekesha hawamlishi.

Mwenye tangazo anayetaka ukweli aombe takwimu za ndani za ukurasa: waliohifadhi posti, walioisambaza, na miji wanakotoka. Mwenye ukurasa wa biashara anazo kwenye simu yake, na kuzionyesha ni kazi ya dakika mbili.