Kabla ya Kununua Vifaa vya Sayansi vya Chekechea



Mwezi huu tunajibu swali la umoja wa akina mama wa usharika mmoja. Akina mama hao wanaendesha darasa la chekechea katika jengo la kanisa, lenye watoto wa miaka 3 hadi 6. Kwa mwaka mzima wameuza maandazi na vitambaa vya batiki, wakaweka akiba kidogo kwa ajili ya vifaa vya sayansi. Sasa fedha zipo, lakini wamegawanyika. Baadhi wanataka kishikwambi chenye michezo na filamu za wanyama. Baadhi wanataka chati za ukutani na boksi la vifaa vya plastiki waliloliona dukani mjini. Wengine wanasema watoto hawa ni wadogo mno, sayansi ingoje shule ya msingi na fedha ziende kwenye mikeka na uji. Mgawanyiko umefika mahali pa watu kutosalimiana vizuri, na hilo limetusikitisha.

Tumelitafakari jambo hili kama wazazi, kama walimu wa shule ya Jumapili, na pia kama wauguzi. Maana vipo vifaa vya masomo ambavyo sisi huvikuta wodini vikiwa vimekwama kooni mwa mtoto.

Sayansi haingoji shule ya msingi

Mtoto wa miaka 4 anayemimina maji kutoka kikombe hiki hadi kile mara ishirini anapima. Anayegeuza jiwe aone kilicho chini yake anachunguza. Anayeuliza "kwa nini" hadi mama anachoka anatafuta sababu. Hizo ndizo kazi za sayansi, na mtoto amezianza kabla hatujampeleka darasani. Wajibu wetu ni kutozizima.

Wengi wenu mmelisikia jina la Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyapoza, ndipo kuyaingiza kwenye friji. Siku moja, kwa kuogopa kukosa nafasi, Mpemba aliyaingiza yakiwa ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka, lakini Osborne alirudi kazini akalifanyia jambo hilo majaribio. Mwaka 1969 makala ya wawili hao ilichapishwa, na hadi leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo, wakiliita kwa jina la Mpemba.

Tazameni, kifaa kilikuwa maziwa na sukari. Kilichokosekana kwa miaka kadhaa kilikuwa mtu mzima wa kumsikiliza.

Wapo wanaohofu kwamba sayansi itamwondoa mtoto kwa Mungu. Tunawakumbusha kwamba Mithali sura ya 6 inamwelekeza mvivu akajifunze kwa mdudu chungu. Na nani atajifunza kwa chungu bila kuinama na kumtazama? Anayeichunguza kazi ya Muumba hamkosei Muumba.

Maswali manne ya kujiuliza

Kila kifaa, kiwe cha dukani au cha jalalani, kipite katika maswali haya manne.

*La kwanza: Je, ni salama?* Kitu chochote kinachopita ndani ya lile bomba la karatasi lililo katikati ya karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Karanga na puto nazo ni hatari, hata kwa wakubwa kidogo, kwa kuwa kipande cha puto lililopasuka huziba koo. Betri ndogo za duara kama kifungo, ambazo huwa ndani ya saa na midoli inayowaka taa, ni mbaya kuliko zote. Ikikwama kooni huanza kuunguza nyama kwa muda wa saa 2 tu. Mtoto akiimeza, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Sumaku ndogo zenye nguvu nazo, zikimezwa mbili, huvutana ndani ya matumbo na kuyatoboa.

Mbegu ni somo zuri, lakini chagueni. Mbegu za duka la pembejeo zilizotiwa rangi nyekundu, kijani au buluu zimepakwa dawa. Hizo si za mikono ya watoto. Mbegu za mnyonyo, ambao wengine huuita mbarika, na zile nyekundu zenye doa jeusi zinazotiwa kwenye kayamba, zina sumu kali zikitafunwa. Hata maharage mekundu mabichi humtapisha mtoto. Tumieni maharage au kunde za chakula, na mzihesabu mbegu kabla na baada ya somo. Haragwe likiingia puani au sikioni hunyonya unyevu na kuvimba, vile vile linavyovimba kwenye pamba ya darasani. Kwa hiyo msimwagie maji sikio lenye haragwe, wala msilichokoe kwa kijiti. Mpelekeni mtoto zahanati.

Tena, msiweke maji ya rangi katika chupa za soda, wala kumfundisha mtoto kutambua kitu kwa kuonja. Leo ni maji ya rangi, kesho ni mafuta ya taa katika chupa ile ile. Na themometa za kioo zenye zebaki zisiingie darasani.

*La pili: Je, kinasema kweli?* Mwaka 2020, wakati wa korona, jaribio moja lilienea sana. Unanyunyiza pilipili manga iliyosagwa juu ya maji katika sahani, unachovya kidole chenye sabuni, na pilipili inakimbilia pembeni. Watoto wakaambiwa, "Vijidudu vinaogopa sabuni, vinakimbia." Jaribio ni zuri, lakini maelezo si ya kweli. Vijidudu haviogopi wala havikimbii. Maji yana kitu kama ngozi nyembamba juu yake. Sabuni huilegeza ngozi hiyo pale ilipogusa, nayo huvutwa kwenda pembeni pamoja na pilipili.

Tena ni vizuri kujua kwamba ngozi hiyo ya maji ilichunguzwa na mwanamke jikoni kwake. Agnes Pockels, Mjerumani, hakupata nafasi ya chuo kikuu kwa sababu wakati wake wanawake hawakupokelewa huko. Alikaa nyumbani akiwatunza wazazi wake, na maji ya kuoshea vyombo yakawa somo lake. Mwaka 1891 barua yake juu ya uchunguzi huo ilichapishwa katika jarida la sayansi la Uingereza.

Basi mkitaka kufundisha kunawa mikono, fanyeni hivi. Mpakeni mtoto mafuta ya kula viganjani, kisha masizi ya chungu au unga wa mkaa. Anawe kwa maji matupu, weusi unabaki. Anawe kwa sabuni, akisugua vidole hadi kucha, weusi unatoka. Hapo ameona jambo la kweli: sabuni hung'oa mafuta na uchafu, na maji huviondoa. Mtoto aliyedanganywa kwamba vijidudu hukimbia atachovya kidole kimoja na kwenda kula. Aliyeona masizi yakigoma kutoka atasugua. Tukikumbuka watoto wanaolazwa kwa kuharisha, hilo si jambo dogo.

*La tatu: Je, kinamhusu mtoto wetu?* Chati nyingi zinazouzwa zimechorwa kwa ajili ya nchi nyingine. Utakuta majira manne yenye theluji na miti isiyo na majani, wakati mtoto wetu anajua masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Si dhambi kuijua theluji, lakini haifai iwe ndiyo somo la kwanza la hali ya hewa. Wekeni kopo la kukingia mvua uani, mpime maji kwa rula kila asubuhi, na kila mtoto achore aliyoyaona. Baada ya miezi michache mtakuwa na chati yenu wenyewe.

*La nne: Je, mtoto atakishika, na kukirudia?* Hapa ndipo kishikwambi kinaposhindwa. Mtoto anamwona tembo, anaona mlima ukitoa moto, lakini kidole chake kinagusa kioo tu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Tena kishikwambi ni kimoja na watoto ni wengi, na kikianguka sakafuni akiba ya mwaka mzima imeanguka nacho.

Vya kuokota na vya kununua

Vingi vipo nyumbani. Kusanyeni vikopo na chupa za plastiki zilizooshwa, vibuyu, vifuu vikubwa, majani ya aina mbalimbali, mchanga, kipande cha kioo cha kujitazamia kilichobandikwa utepe kingoni, na sumaku kubwa kutoka spika ya redio iliyoharibika. Beseni la maji lenyewe ni somo la wiki nzima: kipi kinaelea, kipi kinazama, na kwa nini kopo tupu linaelea lakini likijaa maji linazama?

Mtungi wa kioo wenye viluwiluwi vya mbu ni kifaa tusichokijua thamani yake. Mwalimu achote maji yenye viluwiluwi dimbwini, afunge mdomo wa mtungi kwa kitambaa chepesi na kamba, auweke juu wasikofika watoto. Kwa siku chache wataona viluwiluwi vikijikunja kama alama ya mkato, kisha mbu wakitoka. Siku hiyo hiyo mwalimu amimine maji ya sabuni kupitia kitambaa ili mbu wafe humo humo. Tangu mwaka 1897, Ronald Ross alipovikuta vijidudu vya malaria ndani ya mbu huko India, dunia imejua kwamba malaria haitokani na kunyeshewa mvua wala kula maembe mabichi. Mtoto aliyeona kwa macho yake ataenda nyumbani kumwonyesha bibi kopo lililotuama maji.

Vya kununua ni vichache. Nunueni lenzi ya kukuzia, na muwaonye watoto wasitazame jua kwayo. Nunueni pia mizani ndogo, rula, na mabomba mapya ya sindano, yasiyo na sindano, kutoka duka la dawa. Mtoto akiziba mdomo wa bomba kwa kidole na kusukuma, hewa inabanika. Akilijaza maji, hayabaniki. Hivyo anajua kwamba hewa ni kitu, ingawa haionekani. Lakini kamwe msipokee mabomba yaliyotumika, wala kuwaruhusu watoto wayaokote nyuma ya zahanati. Yanaweza kuwa na damu yenye virusi vya homa ya ini au vya UKIMWI.

Vitabu navyo ni muhimu. Anzeni kwa kutazama vya Taasisi ya Elimu Tanzania. Chagueni vyenye Kiswahili rahisi, picha kubwa, na wanyama na mimea tunayoifahamu. Kitabu kisomwe baada ya watoto kushika kitu chenyewe, si badala yake.

Jibu letu

Kwa hiyo, akina mama wa usharika huo, ushauri wetu ni huu. Kishikwambi kiacheni. Boksi la plastiki likaguliwe kwa maswali manne, na kama lina sumaku ndogo au betri za kifungo, lisinunuliwe. Mnaosema fedha ziende kwenye uji, hamjakosea, kwani mtoto mwenye njaa hachunguzi kitu. Sehemu kubwa ya akiba inaweza kununua unga na mikeka, na sehemu ndogo ikatosha lenzi, mizani, mabomba na vitabu viwili vitatu. Yaliyobaki yaokotwe na ninyi wote kwa pamoja, Jumamosi moja, wale wa kishikwambi na wale wa uji wakibeba kapu moja.

Kisha mchague mama mmoja mwenye subira, akae na watoto na kusikiliza maswali yao. Asipojua jibu, aseme, "Hebu tujaribu tuone."

Mungu awape umoja na hekima, na awalinde watoto wetu. Tukutane mwezi ujao.