Bwana Shamba Anakuambia: Maji ya Paa la Jirani



Mvua inanyesha usiku. Umelala. Unasikia maji yanapiga ukuta wa nyuma. Asubuhi unatoka nje. Unakuta maji yamechimba mfereji kutoka kwa jirani yako wa juu mpaka kwenye msingi wa nyumba yako. Matofali ya chini yamelowa. Ukiyabonyeza, kidole kinaingia. Je, utafanya nini?

Wengi huchukua jembe. Huinua tuta ili maji yarudi kwa jirani. Jirani akiona hivyo, hulibomoa. Siku ya tatu hawasalimiani. Watoto wao wakikutana kisimani hutukanana. Na maji bado yanapita.

Zamani nyumba nyingi za Songea ziliezekwa kwa nyasi, tena zilikaa mbalimbali. Nyasi hupunguza kasi ya maji na kuyadondosha polepole. Miaka ya 1970 watu walihamia vijijini. Nyumba zikajengwa kwa mistari, karibu karibu. Kijiji kikiwa kwenye mteremko, kila mtu ana jirani wa juu na jirani wa chini. Halafu yakaja mabati. Bati halinywi maji hata tone.

Hebu tufanye hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba, utapata lita 1 ya maji. Chukua paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Hizo ni mita za mraba 60. Mvua kubwa ya milimita 50 itamwaga hapo lita 3,000. Debe lina lita 20. Kwa hiyo ni madebe 150! Hata kama nusu inaangukia upande wa mbele, madebe 75 yanakuja nyuma. Jirani yako hakukusudia kukumwagia madebe 75. Lakini amekumwagia.

Mimi mwenyewe nilikosa katika jambo hili. Nilikuwa Bwana Shamba katika kijiji kimoja cha wilaya yetu. Mchana nilifundisha watu kuchimba makinga maji mashambani. Nyumbani kwangu niliezeka mabati nikaona fahari, na maji nikayaacha yaende yatakako. Chini yangu alikaa bibi mmoja mjane. Masika moja ukuta wa jiko lake ulianguka usiku. Ulikuwa wa matofali mabichi. Wajukuu wake huota moto humo na mara nyingine hulala humo. Usiku ule, bahati, hawakulala jikoni.

Hakunigombeza. Alingoja mvua inyeshe tena, akamtuma mjukuu aniite. Nikaenda. Akaniambia, "Mwanangu, hebu fuata maji haya mpaka yanakotoka." Nikayafuata. Yakanifikisha chini ya upenu wangu. Siku ile nilitamani ardhi inimeze.

Nawe fanya kama bibi yule. Mwite jirani wakati mvua inanyesha. Ukimwambia wakati wa kiangazi, ataona mavumbi tu. Usimwambie, "Umeniharibia nyumba." Mwambie, "Ndugu, njoo tutazame maji haya yanatoka wapi." Pengine mtakuta yanatoka barabarani, au kwa mtu wa tatu.

Mkishaona, kazi si kubwa. Jirani wa juu achimbe mtaro chini ya upenu wake. Mtaro usishuke moja kwa moja. Ukate mteremko, uinamie upande mmoja kidogo tu, ili maji yatembee yasikimbie. Kwenye kingo zake mwoteshe nyasi. Maji yaishie kwenye migomba, au kwenye mfereji wa barabara. Ndugu zetu Wamatengo wa Mbinga wanajua siri hii tangu zamani. Ngolo zao ni vishimo vingi katika mteremko. Maji hukaa humo na kuzama, hayapati nafasi ya kukimbia. Lakini shimo la maji lisiwe karibu na ukuta wala choo.

Mwenye uwezo aweke gata na pipa. Pipa la lita 200 hujaa upesi, basi litengenezewe njia ya kutoa maji yanayozidi. Lifunikwe pia, mbu wasizaliane.

Wewe wa chini usikae tu ukingoja. Shindilia udongo kuzunguka ukuta wako, uinamie nje. Na uangalie: maji ukiyaondoa kwako, yanakwenda kwa nani?

Mkikubaliana, andikeni. Sasa unajua kusoma na kuandika, kalamu ni yako. Andikeni hivi:

"Leo tarehe 12 Oktoba tumekubaliana. Mtaro utapita kando ya mwembe na kuishia kwenye migomba. Tutauchimba pamoja Jumamosi. Kila mwaka kabla ya mvua tutauzoa udongo."

Tieni sahihi wote wawili mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Kila mmoja abaki na karatasi yake.

Na akikataa? Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo lina watu 7, na kati yao 3 ni wanawake. Kazi yao ni kusuluhisha, si kutoza faini. Waombe waje wauone ukuta wenyewe. Wakishindwa, kuna Baraza la Kata. Baada ya hapo ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini huko ni safari na gharama.

Mimi na bibi hatukufika huko. Tulichimba mtaro kwa siku moja, wajukuu wakibeba udongo na yeye akituletea togwa. Ukuta wa jiko niliujenga mimi, kwa matofali ya kuchoma. Mwisho wa mtaro alipanda magimbi. Nilipohamishwa kituo, alinifungia kikapu kizima.