MWILI WETU: Mshipa wa mguu unapita wapi?

Mwezi huu tunajibu swali ambalo wazazi wanatuletea sana sisi walimu wa kujitolea. Mtoto alikuwa na homa, akachomwa sindano ya tako, homa ikaisha, lakini mguu ukalegea. Jirani mmoja anasema ni polio, mwingine anasema karogwa. Nani anasema kweli? Tuufuate mshipa wenyewe.

Mishipa ya fahamu, yaani neva, haipitishi damu. Inapeleka amri ya ubongo kwenye misuli, na inarudisha habari za maumivu, joto na baridi. Ni kama umeme. Taa ikizimika chumbani Katwe, fundi anajiuliza: ni globu, ni waya wa kwenye nguzo, ama ni huko bwawani Jinja? Anafuata waya mpaka anapata palipokatika. Daktari naye anafanya vilevile.

Zamani hakuna aliyejua vizuri kila uzi unatoka wapi na unafika wapi. Mwaka 1850, Mwingereza Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura. Akaona kipande kilichotengwa na seli yake kinaharibika, na kile kilichobaki kimeungana nayo kinaendelea kuishi. Basi wataalamu wakapata njia: kata hapa, tafuta nyuzi zilizoharibika, utajua zinaelekea wapi.

Sasa tuje kwenye mguu. Neva kubwa ya mguu ndiyo nene kuliko zote mwilini, kwa mtu mzima inakaribia unene wa kidole. Nyuzi zake zinatoka sehemu tano za uti wa mgongo, chini kiunoni, zinaungana, zinapita ndani ya tako na kushuka nyuma ya paja. Karibu na goti inagawanyika. Tawi moja linakwenda nyuma ya mguu hadi wayo. Lingine linazunguka mfupa wa nje, chini kidogo ya goti, na hilo ndilo linaloinua mguu wa mbele unapotembea. Likiumia, vidole vinakokota chini.

Mtoto mdogo hana nyama nyingi matakoni, kwa hiyo sindano inaweza kuifikia neva. Dawa nyingine zinaiunguza hata zikimwagwa karibu tu. Miaka ya 1990 madaktari wa Uganda waliandika juu ya watoto waliopooza mguu hivyo baada ya sindano za kwinini.

Na polio? Virusi vya polio vinaua seli za kuendesha misuli ndani ya uti wa mgongo, lakini ngozi inaendelea kusikia. Sindano inaharibu huku chini njiani, ambako nyuzi za nguvu na za kusikia zinapita pamoja. Ndiyo maana mara nyingi mtoto hasikii vizuri hata ukimgusa wayo. Lakini mzazi usiamue mwenyewe nyumbani. Mtoto yeyote chini ya miaka 15 akilegea ghafla apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Watachukua choo chake mara mbili kupima polio. Msikatae.

Je, neva inapona? Ikiwa haijaharibika kabisa, inaweza kuota tena, kama milimita 1 kwa siku. Sentimita 30 ni karibu miezi 10. Katika miezi hiyo mguu usiachwe hivihivi, maana utakakamaa na kupinda. Mtoto anahitaji mazoezi, na kifaa cha kushikilia wayo, kwa maelekezo ya wataalamu. Kumfungia ndani kwa aibu kunamharibia mguu, na shule pia.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, msidai sindano eti ndiyo dawa yenye nguvu. Malaria isiyo kali inatibiwa kwa vidonge, na mtoto anayeweza kumeza apewe vya kumeza. Pili, sindano ikiwa ni lazima, muulizeni mhudumu kwa heshima: "Musawo, inawezekana kumchoma pajani, mbele upande wa nje?" Huko neva hiyo kubwa haipiti. Tatu, chanjo msiziache. Watoto wachanga huchomwa pajani kwa sababu hiyohiyo.

Mtoto akilia kwamba maumivu yanashuka mguuni kama umeme wakati anachomwa, mwambieni mhudumu asimamishe mara moja.

Maswali mengine mpeni mwalimu wa mtoto wenu, atatufikishia.