Foleni ndefu si dawa ya kila diski

Leo niruhusuni niseme na wenzangu wa kompyuta, maana kuna jambo linanikera.

Siku hizi mtu akipewa mashine pepe kwenye seva ya VMware yenye diski za kasi, kitu cha kwanza ni kunakili amri ya kupandisha foleni ya draiva ya PVSCSI kutoka maombi 64 hadi 254. Ukimuuliza amepima nini, anacheka tu. Jamani!

Ni kweli 64 inaweza kubana. John Little alithibitisha hesabu yake mwaka 1961: maombi yaliyo njiani ni sawa na maombi ya kila sekunde mara muda wa ombi moja. Ombi likichukua milisekunde 1, foleni ya 64 haipitishi zaidi ya maombi 64,000 kwa sekunde. Kama diski inaweza zaidi na hifadhidata inadai zaidi, pandisha, nakuunga mkono.

Lakini chukua diski ambayo mwisho wake ni maombi 50,000 kwa sekunde. Ukiijazia 64, kila ombi linakaa kama milisekunde 1.3. Ukiijazia 254, linakaa zaidi ya 5, na kazi inayotoka ni ile ile. Kantini yenye wapishi wawili, hata ukiingiza watu 254 ndani, wali hauivi haraka.

Tena seva hizi tunagawana. Wewe unarundika maombi 254 kunakili mafaili ya mazoezi, mwenzako wa mwaka wa mwisho anasubiri nyuma yako na projekti yake ya kukabidhi kesho. Hiyo si utaalamu, ni ubinafsi.

Msimamo wangu ni huu: pima kwanza. Kwenye Linux endesha iostat -x wakati kazi imepamba moto, uangalie aqu-sz na muda wa kusubiri. Kisha mwombe msimamizi wa seva akutazamie DAVG kwenye esxtop, yaani muda wa diski yenyewe. Foleni yako ikifika 64 au kuzidi, huku DAVG ikiwa ndogo, huenda kinachobana ni draiva: pandisha, halafu pima tena. DAVG ikiwa kubwa, diski imechoka, iache ipumue.