Simba wa Asia Wapewe Makao ya Pili

Wengi wetu tukisikia neno simba hufikiri Afrika tu. Lakini wako simba wa mwitu huko Asia pia, nao hawapatikani ila mahali pamoja: msitu wa Gir na nchi iliyouzunguka, katika jimbo la Gujarat, India. Zamani walienea toka Uturuki, Iraki na Uajemi mpaka India. Bunduki za wawindaji ziliwamaliza kwingineko. Gir walisalia wachache sana, wakaokoka kwa kuwa mtawala wa Junagadh aliwalinda. Katika hesabu ya mwaka 2025 walipatikana 891.

Yafaa tuwapongeze watu wa Gujarat kwa kazi hiyo. Hata hivyo, mimi naona kwamba hatari kubwa bado ipo, maana kizazi chote cha simba hao kinakaa katika jimbo moja. Sisi wa Afrika Mashariki twajua maradhi yanavyoweza kufanya. Mwaka 1994 ugonjwa unaoshika mbwa uliingia Serengeti, ukaua simba wapatao elfu moja, yaani kama theluthi ya wote. Lakini hata kama wangalikwisha wote, simba wangalibaki Ruaha na kwingineko. Gir ikipatwa na msiba kama huo, mbegu ya simba wa Asia itatoka wapi? Tena si jambo la kudhani tu. Mwaka 2018 simba zaidi ya 20 walikufa Gir katika majuma machache, na ugonjwa uo huo ulionekana kwa baadhi yao.

Dawa yake ilikwisha kutafutwa. Katika jimbo la Madhya Pradesh uko msitu wa Kuno, ambako vijiji 24 vilihamishwa ili kuwapisha simba. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India iliamuru wapelekwe huko katika muda wa miezi sita. Hawakupelekwa. Badala yake, mwaka 2022 waliletwa duma kutoka Namibia. Je, wale waliobomoa nyumba zao kwa ajili ya simba waambiwe nini?

Wako wasemao kwamba simba ni fahari ya Gujarat, na kwamba wengine wamekwisha kwenda wenyewe mpaka Barda. Ni kweli, lakini Barda imo katika jimbo lilo hilo, wala si mbali sana na Gir. Maradhi yaweza kufika huko pia. Na fahari ya kweli, kwa maoni yangu, ni kuwapa wengine mbegu ili isipotee.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Gir unaonekana wazi, nao ukuta wa namna hii ukianguka hakuna fundi wa kuujenga tena.